Kijerumani cha cheti hakitatusomea majalada yetu

Siku Goethe, yule mshairi wa Kijerumani, alipoingia akilini mwangu sawasawa, aliyenifungulia mlango alikuwa mwanafunzi ambaye Kijerumani chake bado kilikuwa kikichechemea. Tulikuwa watu kumi na mmoja darasani, mchana wa joto la Februari, Dar es Salaam, madirisha wazi na milio ya bodaboda ikiingia ndani. Mbele yetu palikuwa na ukurasa mmoja tu wa Faust, tamthilia yake iliyochapwa mwaka 1808. Ni pale msomi mzee anapoketi usiku na Agano Jipya la Kigiriki, akitaka kulitia katika kile anachokiita Kijerumani chake kipenzi. Anaandika mstari wa kwanza wa Injili ya Yohana: Im Anfang war das Wort. Hapo mwanzo kulikuwako Neno. Hajafika mbali anakwama. Neno? Anaona haliwezi kubeba uzito wote huo. Anajaribu Sinn, yaani maana. Anajaribu Kraft, nguvu. Mwisho anaandika Tat, tendo, na roho yake inatulia.

Nikawaambia wanafunzi wafungue Yohana kwenye simu zao, katika Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka makanisani. Nilitaka tulinganishe tu. Kijana mmoja, Mwislamu wa Kilwa ambaye hakuwahi kuisoma sura ile, akainua mkono.

"Mwalimu, hapa ngeli imekosewa. 'Naye Neno alikuwako kwa Mungu.' Neno, maneno. Si ingekuwa 'nalo Neno lilikuwako'?"

Darasa likanyamaza, kisha likawaka. Ngeli haikukosewa. Watafsiri wa Kiswahili walimaliza kwa kiambishi kimoja kazi iliyomtoa Faust jasho: walilichukua neno kutoka ngeli ya vitu wakalitia katika ngeli ya watu, na msomaji anajua papo hapo kwamba anayetajwa ni mwenye uhai. Binti mmoja akaongeza kwamba hata bila ngeli, neno letu lina tumbo kubwa kuliko Wort. Tunasema "pana neno hapa" tukimaanisha pana jambo. Mtu asiye na tatizo "hana neno". Ukiambiwa "nina neno nawe", moyo unaanza kudunda kabla hujasikia lolote. Kwa saa moja na nusu wale vijana walibishana kwa Kijerumani kibovu na ari ambayo sijawahi kuiona kwenye zoezi la kuagiza kahawa.

Nakikumbuka kipindi hicho kwa sababu masomo ya aina ile yanatafutiwa njia ya kuondolewa. Katika chuo kimoja ninachokifahamu, kikao cha idara kilipendekeza fasihi na falsafa ya Kijerumani viwe somo la hiari, na saa zilizobaki zipewe maandalizi ya mtihani. Sababu iliyotolewa ilikuwa fupi: soko linataka hivyo.

Na kweli soko linataka. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya kuwafungulia Wakenya njia ya kwenda kufanya kazi na kujifunza ufundi huko. Upande wetu wa mpaka nako, vibao vya "Jifunze Kijerumani" vimeota hata kwenye mitaa ambayo haijapata lami. Anayetaka uuguzi huulizwa cheti cha B1 au B2, kwa ile ngazi ya hatua sita kutoka A1 hadi C2 ambayo Baraza la Ulaya liliiweka mwaka 2001. Bila cheti hakuna viza, na nyuma ya kila mtahiniwa kuna mama aliyeuza ng'ombe au mjomba aliyekopa kwenye vikoba.

Sina ugomvi na cheti. Nimewapigia watu makofi walipokipata, na nimewaombea waliokuwa wanakirudia mara ya tatu. Kituo cha mtaani kinachomfikisha kijana B1 kwa miezi minane kinafanya kazi ya heshima. Ugomvi wangu ni na chuo kikuu kinachotaka kufanya kazi ileile ya kituo, halafu kikaita hiyo shahada. Ngazi ile ya hatua sita inapima unaweza kufanya nini na lugha: kupanga miadi, kueleza maumivu, kuandika barua ya malalamiko. Haikuulizi kama unaweza kusoma kitabu kilichoandikwa juu yako.

Tazama Wajerumani wenyewe walivyofanya walipokitaka Kiswahili. Mwaka 1887 walianzisha mjini Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zake za mwanzo. Waliokwenda kusoma pale walikuwa na shughuli za haraka, ukarani, biashara, uofisa wa koloni, na wangeweza kutosheka na msamiati wa kuamrisha wapagazi. Walimu wao hawakuishia hapo. Büttner alichapa mwaka 1892 mkusanyo wa maandishi ya Waswahili, na mwaka 1894 kitabu kizima cha fasihi yao, tenzi na hadithi. Velten alimfuata. Akawataka watu wa pwani waandike wenyewe, kwa Kiswahili chao, safari zao, ndoa zao, uganga wao, malezi ya watoto wao. Desturi za Wasuaheli ya mwaka 1903 imetokana na kazi hiyo, na sehemu kubwa yake ni ya kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo aliyefika Berlin mwaka 1900 kufundisha.

Walijua wanachokitafuta. Huwezi kutawala watu ambao huwezi kusoma barua zao, huelewi methali wanazopigiana barazani, hujui nani anamwachia nani urithi. Kwa hiyo walitusoma kupitia fasihi na desturi zetu kwa bidii inayonitia uchungu kila ninapoifikiria. Leo sisi, wenye sababu mia za kuwasoma wao, tunaambiwa tutosheke na mazungumzo ya kwenye kituo cha treni.

Lakini nisiseme uongo kwamba kujua utamaduni wa mtu humfanya mtu akuheshimu. Mtoro mwenyewe ni shahidi. Aliujua utamaduni wa Wajerumani, alioa Mjerumani, aliwafundisha lugha yake, na bado baadhi ya wanafunzi wake hawakumpa heshima ya mwalimu. Mwaka 1905 alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe, serikali ya koloni haikuwaruhusu kushuka. Akarudi Ujerumani, akafundisha tena, Hamburg, na akafia ugenini mwaka 1927. Wanafunzi wa Velten walizisoma desturi zake bila kumwona yeye. Fasihi inaweza kusomwa kama mtu anavyosoma ramani ya nyumba anayokusudia kuivunja. Kwa hiyo ninapotetea somo hili simaanishi tumpokee Goethe kwa magoti. Namaanisha tumsome tukiwa na yetu mkononi, kama alivyofanya yule kijana wa Kilwa na ngeli zake.

Chukua neno moja jingine, Schuld. Kamusi ya mfukoni itakupa hatia. Ukiliweka katika wingi, Schulden, linakuwa madeni. Mwalimu wa maandalizi ya mtihani atakwambia ukariri yote mawili na uendelee mbele, maana saa zinakwenda. Katika darasa la falsafa tunasimama hapo wiki mbili. Mwaka 1887, mwaka uleule wa Seminari ya Berlin, mwanafalsafa Nietzsche alichapa kitabu chake juu ya asili ya maadili, na katika sehemu yake ya pili anadai kwamba wazo zima la hatia ya moyoni limetoka kwenye jambo la sokoni kabisa: mdai na mdaiwa. Aliyeshindwa kulipa fedha alilipa kwa mwili wake, kwa maumivu, na polepole deni likahamia rohoni.

Unaweza kumkataa Nietzsche. Wengi darasani humkataa. Ila katikati ya mabishano hujitokeza mtu akakumbuka Sala ya Bwana. Mkatoliki anasali "utusamehe makosa yetu". Mlutheri aliyeketi dawati la pili, akifuata Mathayo kama ilivyo katika Biblia yake, anasema "utusamehe deni zetu". Wamekaa miaka yote jirani, wamezikana, wameozana, na hawajawahi kujiuliza kwa nini mmoja anasema makosa na mwingine deni. Mjerumani ana Schuld, analitamka mara moja na yote mawili yamo. Hapo mwanafunzi anaelewa kwa mara ya kwanza kwamba kutafsiri ni kuchagua, na kwamba kila uchaguzi una mtu anayefaidika nao.

Hilo si jambo la darasani tu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga mwaka 1906 Nduna Songea Mbano na mashujaa wenzake wa Vita vya Maji Maji, akakutana na wajukuu zao. Alisema, kama Rais wa Ujerumani, anaomba Verzeihung kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu wa watu wale. Magazeti yetu yaliandika kwamba ameomba msamaha, na hayakukosea. Ila Kijerumani kina njia zaidi ya moja ya kuomba msamaha. Kuna Entschuldigung, neno ambalo unalisikia barabarani mtu akikukanyaga, na ambalo tumboni mwake limebeba ile Schuld, hatia na deni pamoja. Na kuna Verzeihung, la ukoo mmoja na Verzicht, kuachilia dai. Sisemi kwamba Rais yule alikaa akayapima maneno haya kwenye mizani. Verzeihung ni neno zito, la heshima, na uso wake siku ile haukuwa wa mchezo. Ninachouliza ni kwamba, siku mazungumzo ya fidia, ya mafuvu na mifupa iliyomo kwenye maghala ya Ujerumani, yatakapofika kwenye meza yenye maandishi ya kutiwa saini, upande wetu wa meza atakaa nani anayejua tofauti hiyo? Mwenye B2 ya kupanga miadi?

Tumewahi kuona neno likibeba mtu. Fuvu la Chifu Mkwawa liliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani itatakiwa kulikabidhi. Lilirudi Kalenga mwaka 1954, miaka thelathini na mitano baadaye. Aliyeandika kifungu alikuwa Mzungu, aliyekisoma Mzungu, aliyelitafuta fuvu Mzungu, na Wahehe walisubiri.

Tena hatuhitaji kwenda Berlin kuliona pengo hili. Nyaraka za Taifa, hapa hapa Dar es Salaam, zimehifadhi majalada ya utawala wa Kijerumani, mali ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 1997 katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Humo kuna mashamba na mipaka yake, kodi ya kibanda, mashauri ya majumbe na maakida, barabara zilizochimbwa na nani kwa shuruti ya nani. Ni historia ya Lindi, ya Moshi, ya Iringa, ya Tabora. Mengi yameandikwa kwa mkono, kwa ule mwandiko wa zamani unaoitwa Kurrent, ambao hata kijana wa Kijerumani wa leo huutazama kama ushanga uliomwagika. Herufi e inafanana na n, s ina sura mbili, na u inatofautishwa na n kwa kikonyo kidogo juu yake. Kuusoma kunataka miezi. Na baada ya kuumudu mwandiko bado kuna lugha yenyewe, Kijerumani cha makarani wa Kaisari, chenye sentensi zinazoficha kitenzi hadi mwisho wa aya, chenye adabu ya kutisha katika kueleza mambo ya kutisha. Hakuna mtihani wa B2 unaokufikisha hapo. Anayefika ni yule aliyemsoma mwandishi Kleist akazoea kuning'inia katikati ya sentensi bila kukata tamaa.

Kwa miaka yote hii, wengi wanaokuja kuyasoma majalada hayo hutoka nje. Wanakuja na posho ya utafiti, wanasoma, wanaondoka, wanaandika vitabu vizuri ambavyo bei yake moja ni mshahara wa wiki wa mwalimu wa msingi. Siwalaumu. Wamefanya kazi ambayo sisi tungepaswa kuwa tunaifanya nao, bega kwa bega, na pengine kwa kuwapinga.

Najua pingamizi la walimu wenzangu, kwa sababu nililitoa mimi mwenyewe zamani: mwanafunzi anaanza chuo na A1, hajui hata kunyambua kitenzi, utampaje Goethe? Jibu nililolipata ni kwamba fasihi ina nyumba za kila kimo. Shairi la mistari sita lina Kijerumani kisichozidi cha mtoto wa darasa la pili, na ndani yake mna mambo ya mtu mzima. Kosa letu lilikuwa kugawa: miaka miwili ya sarufi na "hujambo, naitwa nani", halafu mwaka wa tatu ghafla riwaya ya kurasa mia tatu. Hakuna aliyejifunza kuogelea hivyo. Na kosa la pili, kubwa zaidi, ni kupitisha kila kitu kwenye Kiingereza. Tunamfundisha mtoto wa Kiswahili Kijerumani kwa kamusi ya Kiingereza, kwa maelezo ya Kiingereza, kisha tunashangaa hajawahi kuona kwamba shule ni Schule, na kwamba hela anayoitafuta ni Heller, senti ya koloni iliyoanza mwaka 1904 rupia ilipogawanywa mara mia.

Pingamizi la pili ni la kisiasa na ninalipa uzito zaidi. Kwamba kuwajaza vijana wetu mshairi Schiller na mwanafalsafa Kant ni kuendeleza kazi ya mkoloni. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021, ameliingia swali hili katika riwaya yake Afterlives ya mwaka 2020. Askari kijana, Hamza, anafundishwa Kijerumani na ofisa wake ili siku moja aweze kumsoma Schiller. Ofisa huyo ni mtu wa kumwonea huruma na kumwogopa kwa wakati mmoja: anampa kijana mashairi, na ni ofisa wa jeshi linaloteketeza vijiji. Kuna hatari humo, na Gurnah haifichi. Ila Hamza anabaki na lugha, na lugha hiyo inakuwa yake, inamfuata maisha yake yote. Ningependa vijana wetu waipate bila kupitia jeshini, kwa ada ya chuo cha umma, na mwalimu anayewaruhusu kuuliza lolote.

Binti mmoja niliyemfundisha sasa ni muuguzi katika nyumba ya wazee kaskazini mwa Ujerumani. Alikwenda na B2 kama wengine. Hunitumia sauti kwenye WhatsApp, huanza na shikamoo ndefu, kisha habari za baridi. Mwaka juzi alinisimulia juu ya bibi mmoja aliyesahau majina ya wanawe, ambaye kila jua likizama alikuwa akihangaika, akivua nguo, akitaka kwenda nyumbani. Jioni moja bibi yule alinong'ona, Der Mond ist aufgegangen, mwezi umechomoza. Ni mwanzo wa wimbo wa jioni wa Matthias Claudius, wa mwaka 1779, ambao watoto wa Kijerumani wamelazwa nao kwa vizazi. Sisi tuliusoma darasani wiki ya tano. Binti akaendelea pale bibi alipoishia, ubeti kwa ubeti, kwa lafudhi yake ya Songea, hadi ule wa mwisho unaomwomba Mungu atuepushe na adhabu na atuache tulale kwa amani, na jirani yetu mgonjwa pia. Und unsern kranken Nachbar auch. Bibi alilala. Wenzake kazini, wenye lugha hiyo tangu kuzaliwa, walimuuliza amejuaje.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu nakala za karatasi za enzi ile, zilizopigwa chapa, tusizame kwenye mwandiko bado. Tulikuwa tumeuimba wimbo wa Claudius asubuhi ileile. Hawakufika mbali wakakutana na neno ambalo limejaa katika maandishi ya maofisa wa koloni, Strafexpedition. Expedition walilipata bila shida, safari. Strafe walilijua: lilikuwa bado midomoni mwao, Verschon uns, Gott, mit Strafen, utuepushe, Mungu, na adhabu. Safari ya adhabu. Jeshi kwenda kuchoma ghala la nafaka la watu waliochelewesha kodi.

Mmoja akauliza, "Mwalimu, hawa maofisa, utotoni na wao walikuwa wanauimba?"

Nikamwambia bila shaka wengi wao waliuimba. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha wakainamia karatasi wakaanza kubishana kama "safari" ni neno linalofaa pale, kwa sababu kwetu mtu anayesafiri huagwa kwa dua, na wakabishana hadi mlinzi akaja kufunga jengo.